Sikio la Fundi Ngari

Zuleka alileta gari lake kwenye gereji ya Ngari, pale Majimbo mjini Embu, Jumatatu moja ya mwezi wa saba, asubuhi ya baridi na manyunyu. Zuleka alikuwa na bucha karibu na msikiti. Gari lenyewe lilikuwa la dizeli, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, kuukuu kuliko mwanawe wa kwanza, nalo ndilo lililomfikisha Siakago na Ishiara kununua mbuzi. Hakuzima injini. Aliteremka, akamsogelea fundi, akasema neno huku akionyesha kwa kidole chini ya gari.

Ngari alimtazama midomo. "Rudia, mama. Hii injini inanguruma sana."

"Nasema inalia! Nikikanyaga klachi inalia kama paka aliyebanwa na mlango. Nikiachilia inanyamaza. Si unasikia mwenyewe?"

"Nasikia," Ngari akasema.

Hakusikia. Alichosikia ni mngurumo mzito wa injini, kama mtu anayeburura meza nyumba ya pili. Mlio mwembamba, ule ambao zamani angeutambua gari likiwa bado kule barabarani, haukumfikia kabisa. Ulikuwa mwaka wa tatu sasa. Ilianza na sikio la kulia, lililokuwa likivuma kama nyenje usiku na mchana. Kisha ndege wakanyamaza. Kisha simu. Kisha sauti ya mkewe, Celina, akimwita kutoka jikoni. Miaka thelathini ya nyundo na mashine za kukata chuma ilikuwa imemmaliza masikio, na yeye alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa tu.

Hakuwa amemwambia mtu. Watu wa Embu walimjua kwa sikio lake. Walikuwa wakisema Ngari anaweza kukwambia ugonjwa wa gari kabla hujafungua mlango. Nani angemletea gari fundi kiziwi?

Basi alikuwa amejitafutia njia nyingine. Alipanda kwenye kiti cha dereva, akavua kiatu cha kushoto, akavua na soksi, akaweka wayo mtupu juu ya pedali. Zuleka alimtazama kwa mshangao lakini hakuuliza. Ngari alikanyaga polepole. Katikati ya safari ya pedali alihisi mtetemo mdogo ukimpanda hadi kwenye kifundo cha mguu, mkavu, kama changarawe ndani ya unga. Akaachilia, mtetemo ukaisha. Akakanyaga tena, ukarudi.

"Ni beringi ya klachi," akasema akivaa kiatu. "Ile inayosukuma klachi ukikanyaga pedali. Imekwisha. Lazima giaboksi ishuke."

"Siku ngapi?"

"Mbili. Jumatano unachukua gari."

Zuleka aliangaza macho gereji nzima, akatazama ile benchi ndefu yenye nafasi ya watu wawili. "Na utaishusha na nani? Si mlikuwa wawili hapa?"

"Niko peke yangu," Ngari akasema.

Mtu wa pili alikuwa Ishmael. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na tisa, wakijuana hadi mmoja akinyoosha mkono, mwenzake anamwekea spana anayoitaka bila kuulizwa. Mwaka jana, mwezi wa tatu, walikuwa wakishusha giaboksi ya lori dogo. Ishmael alikuwa amelala chini, mkono wake ukiwa kati ya giaboksi na jeki, akirekebisha mkanda. Ngari alikuwa amechutama kwenye jeki, mgongo wake kwa mwenzake. Alingoja neno la kushusha, na alipoona muda umepita akadhani limeshasemwa, akafungua jeki. Chuma kilishuka. Ishmael alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Hilo peke yake lingeweza kusameheka, kwa kuwa ajali za gereji ni nyingi. Lakini hospitalini, mbele ya Marcella, mke wa Ishmael, na mbele ya watu wengine waliofika, Ngari aliulizwa ilikuwaje akajibu, "Hakusema kitu. Angesema ngoja, ningengoja." Ishmael alikuwa kitandani akiyasikia hayo. Aligeuza uso ukutani. Alipopona hakurudi Majimbo. Alikusanya vifaa vyake siku ambayo Ngari hakuwepo, akaenda kufungua gereji yake huko kwao Runyenjes.

Tangu hapo Ngari alifanya kazi peke yake. Watu waliopita wakamsalimia hawakujibiwa, wakaanza kusema amekuwa na maringo. Wengine waliacha kumsalimia. Aliona hivyo na akaacha iwe hivyo. Kuitwa mwenye maringo hakukumfukuzia wateja.

Jumatatu hiyo alifungua propela zote mbili, zile shafti ndefu zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele na ya nyuma, akatoa stata, akaing'oa mitambo ya klachi ubavuni, akafungua vijiti vya gia kutoka ndani. Bolti zilikuwa na kutu na nyingine zilihitaji bomba refu kwenye spana ndipo zikakubali. Jioni ilipofika giaboksi ilikuwa imebaki na bolti nne. Alizoa vifaa, akafunga, akaenda nyumbani. Celina alikuwa ameweka mezani mukimo wa viazi na mahindi. Alisema kitu kuhusu kanisa, au kuhusu kanda, Ngari hakushika. Aliitikia kwa kichwa. Celina alimtazama kidogo, kisha akageukia televisheni, na hawakusemezana tena hadi wakalala.

Jumanne, saa nne asubuhi hivi, alitoa bolti za mwisho. Giaboksi ya gari kama hilo haiji peke yake. Imeshikana na sanduku la pili linalogawa nguvu mbele na nyuma, na vyote pamoja vina uzito wa magunia mawili ya mahindi. Alikuwa amevikalisha juu ya jeki ya magurudumu na kuvifunga mkanda. Alilala chini, akavivuta nyuma polepole. Shafti ilitoka kwenye klachi vizuri. Akaanza kushusha.

Mkanda uliteleza. Giaboksi ikainama upande wake, na kabla hajavuta mkono, ikamkandamiza bega la kushoto kwenye chuma cha chesi, fremu ya gari. Aliizuia kwa mkono wa kulia na goti. Haikuwa imemvunja, lakini hakuweza kuisukuma na hakuweza kuiachia. Akiiachia ingemshukia kifuani.

"Kuna mtu?" akaita.

Alingoja. Hakuna kitu.

"Kuna mtu hapo nje? Nisaidieni!"

Alingoja tena, jasho likimwingia machoni. Uzito ulizidi kumlemea. Hapo ndipo lilipomjia jambo ambalo hakuwahi kulifikiria kwa miaka yote hiyo mitatu. Huenda kulikuwa na mtu anayemjibu. Huenda mtu alikuwa amesimama nje ya geti akiuliza uko wapi, una nini, na yeye chini ya gari asingejua kamwe. Aliita tena na tena, si kwa sababu alitarajia kusikia jibu bali kwa sababu hakuna kingine alichoweza kufanya. Alihisi koo likichubuka. Hata sauti yake mwenyewe aliihisi kifuani zaidi ya alivyoisikia.

Kisha aliona miguu. Viatu vya plastiki vya zambarau, na upindo wa leso uliolowa manyunyu. Uso wa Kaari ukainama. Kaari alikuwa mwanamke aliyeuza uji na chapati ng'ambo ya ua wa mabati. Midomo yake ilikuwa ikienda mbio.

"Gogo!" Ngari akamwambia. "Lile la mti, liweke hapa chini! Kisha shika mkono wa jeki, pampu, usiache!"

Kaari hakuwa amewahi kushika jeki. Alisukuma gogo, akashika chuma kwa mikono yote miwili, akapampu kama anayetwanga. Giaboksi ikainuka kidogo, upana wa vidole viwili tu. Ngari alijichomoa, akatambaa, akakaa chini akiegemea gurudumu. Bega liliwaka moto lakini mkono uliweza kusogea.

Kaari alichuchumaa mbele yake, akamtazama usoni, ikawa rahisi kumwelewa.

"Nimekujibu mara ngapi, baba? Unaita kuna mtu, nasema nakuja, ngoja nizime jiko. Unaita tena. Nasema geti imefungwa, nipitie wapi? Unaita tena! Nikadhani umechanganyikiwa, nikapenya pale bati la ua limelegea."

Ngari alifuta uso kwa kitambaa chenye grisi. "Sikukusikia."

"Na nilikuwa napiga kelele hivyo?"

"Sisikii, Kaari."

Kaari akauliza, "Hata asubuhi nikikusalimia?"

"Hata asubuhi."

"Uui." Aliweka mkono mdomoni, na Ngari akaona mabega yake yakicheka ingawa macho hayakucheka. "Na mimi nimekutukana mwaka mzima. Kila asubuhi nikifungua jiko, nakutukana kwanza."

Alikwenda akamletea uji kwenye kikombe cha bati, na aliporudi alikuwa na waendesha bodaboda wawili. Wao ndio waliomsaidia kuteremsha giaboksi hadi chini. Hawakuuliza mengi. Ngari alikunywa uji, kisha akaitoa beringi kwenye uma wake, kile chuma chenye panda kinachoisukuma.

Ilikuwa imekufa kweli. Chuma kilikuwa kimegeuka buluu kwa moto na grisi imekauka ikawa kama masizi. Beringi iliyo nzima huzunguka kwa uzito, taratibu. Hii ilizunguka ovyo kama kigurudumu cha kuchezea. Aliileta karibu na sikio la kushoto, lililokuwa na nafuu, akaizungusha. Hakusikia kitu. Lakini ncha za vidole zilihisi kila chembe ndani yake ikigongana. Alikagua vidole vya chuma vya klachi ambavyo beringi hiyo huvisukuma, akaona vimelika kidogo tu, vinafaa. Akaibana beringi mpya, aliyoinunua Jumatatu, kwenye jiliwa hadi ikakaa sawasawa kwenye kikalio chake, akapaka grisi kidogo kwenye bomba inapotelezea, akairudisha kwenye uma na kufunga vishikizo vyake. Jumatano asubuhi wale vijana wawili walirudi, wakainua giaboksi pamoja naye. Saa tano kila bolti ilikuwa mahali pake.

Akavua kiatu tena. Akawasha gari, akakanyaga klachi kwa wayo mtupu. Changarawe ilikuwa imeondoka. Pedali ilishuka laini. Lakini alipoikanyaga hadi mwisho, alihisi kitu kingine, kidogo sana, kama mapigo ya moyo ya kuku. Huenda ilikuwa injini tu. Huenda uma haukukaa vizuri. Huenda beringi mpya ilikuwa mbovu tangu dukani. Zamani sikio lingempa jibu mara moja.

Angeweza kumwita Kaari asikilize. Lakini mtu asiye fundi atakwambia gari linapiga kelele, na gari lolote kuukuu hupiga kelele. Alihitaji sikio linalojua. Aliketi pale, injini ikinguruma, akijua ni sikio la nani. Kisha akavaa kiatu, akafungua geti, akashika barabara ya Meru.

Ukungu ulikuwa bado umeshuka Kithimu, na bodaboda zilizobeba magunia ya mboga zilipita zikiwa zimewasha taa. Alipanga maneno njia nzima. Alipofika Runyenjes hakubaki hata na moja.

Gereji ya Ishmael ilikuwa nyuma ya duka la mbolea. Ilikuwa ndogo lakini safi, spana zimetundikwa ukutani kwa mpangilio, kama zilivyokuwa Majimbo enzi zake. Ishmael alikuwa kwenye benchi akipiga tupa kipande cha chuma, akikishikilia kwa mkono wa kushoto wenye vidole vitatu. Aliinua macho akaona gari, kisha akaona dereva. Akarudi kwenye tupa.

Ngari aliacha injini ikiwaka, akateremka. "Ishmael. Nimekuja unisikilizie beringi ya klachi."

Ishmael alisema kitu bila kuinua kichwa.

"Geuka unitazame ukisema," Ngari akasema. "Sisikii."

Ishmael aligeuka, uso ameukaza. "Husikii nini? Lini ulisikia la mtu wewe?"

"Masikio. Yamekufa. Mwaka wa tatu huu." Ngari aliona maneno yake hayajaingia, akaendelea, "Siku ile ulisema ngoja. Najua ulisema."

Ishmael aliweka tupa chini. "Nilisema mara tatu."

"Naamini."

"Naamini?" Ishmael akasogea. Sasa alikuwa akipiga kelele, na Ngari alisikia nusu na kuona nusu. "Uliwaambia watu sikusema kitu! Ulimwambia Marcella, mimi nimelala pale na mkono umefungwa! Hadi leo akinitazama nikivaa shati, anafikiri mume wake aliweka mkono chini ya chuma akakaa kimya kama mjinga. Kwa nini hukusema?"

"Nani ataleta gari kwa fundi kiziwi?"

"Mimi sikuwa mteja," Ishmael akasema.

Walisimama. Ng'ambo ya barabara mwanamke alikuwa akimwaga maji machafu mtaroni na gari lililobeba majani ya chai lilipita, Ngari akahisi mtikisiko wake kwenye nyayo.

Baadaye Ishmael alipita kando yake, akapanda kwenye gari. Alikanyaga klachi, akaachilia, akakanyaga, akaachilia, kichwa chake kikiwa kimeinama upande, macho ameyafumba. Ngari aliujua mwinamo huo. Ishmael alishuka, akalala chini kwenye tope bila kutandika gunia, akaingiza mkono. Alipotoka alichukua spana namba kumi na mbili ukutani, akarudi chini, akakaza kitu. Kisha akasimama mahali ambapo Ngari angemwona mdomo.

"Beringi imenyamaza. Umeiweka vizuri. Kile kibati cha chini cha kuzuia vumbi, bolti yake moja ilikuwa imelegea, inagonga. Hicho ndicho ulichohisi."

"Asante."

Ishmael alijifuta tope kiunoni. "Sirudi Embu."

"Sikuja kukuita," Ngari akasema, na huo ulikuwa uongo kidogo. "Marcella yuko wapi nimwambie mwenyewe?"

"Shambani. Nitamwambia mimi." Akafikiri. "La. Utakuja umwambie wewe. Jumapili, baada ya kanisa."

"Nitakuja."

Hawakupeana mikono. Ngari alipanda gari, akalirudisha nyuma hadi barabarani. Kwenye kioo alimwona Ishmael akitoka hadi mbele ya duka la mbolea, akiinua mkono, mdomo ukifunguka. Alikuwa akisema jambo. Kwa miaka mitatu, mambo kama hayo Ngari alikuwa akiyaitikia kwa kichwa na kwenda zake. Safari hii alisimamisha gari kando, akazima, akateremka, akatembea hatua zote zile kurudi.

"Umesema nini?"

"Nimesema taa ya breki ya kushoto haiwaki."

"Ah. Nitaweka balbu mjini."

"Haya."

Alirudi garini. Alikuwa ametumaini ni neno lingine, ingawa asingeweza kusema ni lipi.

Zuleka alikuja alasiri. Alikanyaga klachi mara nyingi akitabasamu. Ngari alimwekea balbu, kisha akamwambia wazi: "Mama, kwamba limenyamaza, nimeambiwa na Ishmael wa Runyenjes. Mimi masikio yangu hayafanyi kazi tena. Nimeona ni vizuri ujue."

Zuleka alimgeukia. "Na ulijuaje ugonjwa?"

"Kwa mguu."

"Basi," Zuleka akasema akipaza sauti zaidi ya ilivyohitajika, "mimi nataka lifike Ishiara kesho." Akaondoka. Hakuahidi kurudi wala hakusema hatarudi, na Ngari alijua kwamba kufikia jioni habari ingekuwa imezunguka kuanzia buchani hadi stendi. Wengine wangemhurumia na kupeleka magari yao kwingine. Alifagia gereji, akaning'iniza kufuli, akampungia Kaari mkono.

Nyumbani hakungoja chakula. Alimwambia Celina akiwa bado amesimama mlangoni, koti halijavuliwa. Alimweleza yote, tangu ndege hadi vidole vya Ishmael. Celina alisikiliza akiwa ameshika mwiko.

"Miaka mitatu," akasema hatimaye, na Ngari alisoma kila neno. "Nilifikiri umechoka na mimi. Nilimwambia hata Felicitas, dada yangu, kwamba umechoka na mimi."

Akageuka akaingia jikoni. Ngari alibaki mlangoni. Aliuona mgongo wake mbele ya sinki, mabega yakienda juu na chini, mikono ikisogea. Hakuweza kujua kama anasema naye, au analia, au anaosha sufuria tu. Alisubiri kidogo pale alipozoea kusubiri. Kisha akavua koti, akaingia jikoni, akazunguka meza hadi dirishani, mahali ambapo angeweza kumwona uso.